Kabla Hujafunga Pointi Tatu Nyuma ya Trekta la Bustani

Plau nililolipata mnadani kwa dola 160 lilikaa bandani miezi saba bila kugusa udongo. Halikuwa bovu. Ncha yake ilikuwa nzima, bawa lake liling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na dalali alipoona nimenyoosha mkono peke yangu alilifunga haraka, asije akanipa nafasi ya kufikiri. Nilipofika nyumbani nikarudisha trekta kinyumenyume mpaka mikono ya nyuma ikagusa plau, nikashuka nikijifuta mikono kama bwana harusi. Pini haikuingia. Pini za plau zilikuwa na unene wa milimita 22, na macho ya mikono ya trekta langu yanapokea milimita 16. Tofauti ya milimita sita, karibu unene wa penseli.

Nakaa karibu na Wooster, Ohio, kwenye nusu ekari ya mahindi, maharage, mchicha na maboga ambayo nayalima kwa ajili ya majani yake kuliko maboga yenyewe. Trekta langu ni John Deere 318, moja ya yale yaliyotoka kiwandani kati ya 1983 na 1992, injini ya Onan ya nguvu farasi 18, lenye haidroliki yake. Wenzetu waliohamia huku na kujaliwa kiwanja kikubwa huniuliza swali moja kila masika: "Kaka, kufunga ile mikono ya nyuma kunagharimu kiasi gani?" Huwa nawajibu kwa swali: utaning'iniza nini? Mikono ni chuma tu. Fedha zinaondoka kwenye kile kinachoning'inia, na kwenye mambo mawili matatu ambayo muuzaji hana sababu ya kukueleza.

Aliyekulia vijijini kwetu anakijua kifaa hiki hata kama hajawahi kukitaja jina. Pale Ismani, Massey Ferguson 135 la kukodi lilipokuwa likifika shambani na haro imening'inia nyuma, kilichokuwa kikiinua ile haro ni pointi tatu: mikono miwili ya chini inayovuta, na linki moja ya juu inayozuia chombo kisipinduke. Ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, aliyepata hataza yake mwaka 1926. Matrekta ya wakati ule yalikuwa yakikokota plau kwa mnyororo kama ng'ombe. Plau likinasa kwenye mzizi, trekta linanyanyuka mbele na kumlalia dereva. Ferguson alizipanga zile linki kwa namna ambayo plau likikazana, nguvu inarudi kupitia linki ya juu na kusukuma pua ya trekta chini badala ya kuinyanyua. Mwaka 1938 alipeana mkono na Henry Ford bila mkataba wa maandishi, mwaka 1939 likatoka Ford 9N, na mwaka 1952, baada ya urafiki kuishia mahakamani, kampuni ya Ford ikamlipa dola milioni 9.25. Leo hataza hizo zimekwisha zamani. Yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukutengenezea pointi tatu, na ndiyo maana bei zake zimetawanyika hivyo.

Turudi bandani. Kabla ya kuuliza bei, lala chini uangalie tairi la nyuma. Matrekta madogo ya huku yanafanana rangi na umbo, lakini yapo ya namna mbili. Lipo la kukatia nyasi, na lipo la bustani hasa. La bustani, tairi lake la nyuma limefungwa kwa bolti tano kama gari. La kukatia nyasi, mara nyingi tairi limevishwa tu kwenye shafti na kuzuiwa kwa kipini kidogo cha mviringo unachoweza kukichomoa kwa bisibisi. Ukiona kipini hicho, acha kabisa wazo la plau. Kasha la giaboksi na ekseli la trekta kama hilo lilitengenezwa kuzungusha tairi kwenye nyasi laini na kuvuta tela la majani makavu. Ukilipa kazi ya kupasua udongo wa mfinyanzi, oili inachemka, nguvu inapungua mlimani, na siku moja linasimama. Kasha jipya linaweza kukugharimu kuliko trekta zima lilivyokugharimu. Nimeona tangazo la muuzaji mmoja anayeuza mikono ya kufunga kwenye trekta lolote. "Lolote" ndilo neno la kuogopa.

Kwa mwenye trekta la bustani hasa, njia ziko kadhaa. Bei nitakazotaja ni zile nilizokutana nazo mwenyewe nikizunguka minadani, madukani na kwa mafundi wa huku. Za kwako zitapanda au kushuka.

Ya kwanza ni kutofunga chochote. Mashine ya kulimia ya kusukuma kwa mikono unaikodi kwa dola 80 mpaka 100 kwa siku. Nusu ekari yangu inataka siku mbili, mabega yanauma siku nne. Weka dola 200 kwa mwaka. Watu wanaidharau njia hii kwa sababu haina fahari, lakini kwa mwenye robo ekari hakuna inayoishinda.

Ya pili ni kiungo cha pini moja, ambacho nadhani hakipewi heshima yake. Ni kipande kimoja kinachofungwa nyuma ya trekta, kinainuliwa na haidroliki au wenzo wa mkono, na chombo kinashikizwa kwa pini moja ya wima. Brinly-Hardy, kampuni iliyoanza Kentucky mwaka 1839 kwa majembe ya kukokotwa na wanyama, imetengeneza vyombo vya kiungo hiki kwa miaka mingi: plau la inchi 10, diski, kaltiveta. Kiungo kipya nimekiona kati ya dola 150 na 300, na plau lililotumika linapatikana kwa mia na ushee. Kasoro yake ni kwamba hakina linki ya juu, kwa hiyo huwezi kuinamisha chombo mbele au nyuma kwa kuzungusha skrubu. Unarekebisha kwenye chombo chenyewe, kwa spana, ukiwa umepiga magoti. Tena huwezi kutundika chombo kikubwa kilichotengenezwa kwa ajili ya pointi tatu. Kwa plau dogo, hata hivyo, kinafanya kazi bila kelele, na vyombo vyake vyote vinakubaliana pini.

Ya tatu ni mikono halisi ya kiwandani iliyotumika, iliyotoka kwenye trekta la aina yako. Hii ndiyo niliyochukua. Walioniuzia walianza dola 1,100, tukamalizana kwa 800. Uzuri wake ni kwamba matundu ya bolti yanakutana na matundu ya trekta; hutoboi kitu. Nilianza kufunga saa tatu asubuhi na kabla ya adhuhuri nilikuwa nainua na kushusha mikono mitupu kwa wenzo, bila sababu, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Ubaya ni kuipata. Watu wanaokusanya matrekta ya zamani wanaitaka pia, na mkusanyaji hana haja ya kulima; yuko tayari kulipa kuliko mkulima.

Ya nne ni seti mpya kutoka kwa mafundi wadogo wanaotengeneza kwa ajili ya trekta fulani fulani: dola 600 mpaka 900, na usafirishaji juu yake kwa sababu ni mzigo. Ni njia nzuri kama trekta lako limo kwenye orodha yao. Kama halimo, usikubali maneno ya "itaingia tu ukiongeza bamba". Ukitoboa kasha la giaboksi kwa ajili ya bolti, umetoboa mfuko wako.

Ya tano ni kuchomelea mwenyewe, na kuinua kwa jeki ya umeme ya volti 12. Rafiki yangu Mkenya aliye upande wa Akron alifanya hivyo. Chuma dola 140, jeki 120, swichi na nyaya na fyuzi 40, pini na linki ya juu 60, na fundi 200. Jumla dola 560, na kazi ilikuwa safi kwa macho. Tulikwenda kuijaribu kwangu, na hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo hakuna tangazo linaloitaja.

Nusu ekari ni kama mita 45 kwa 45. Plau la inchi 10 linakata upana wa sentimita 25. Maana yake ni mistari 180. Jeki ya rafiki yangu inachukua sekunde 15 kuinua na sekunde 15 kushusha, kwa sababu jeki yenye nguvu ya kubeba plau inakwenda polepole kama kinyonga. Sekunde 30 mara 180 ni sekunde 5,400: saa moja na nusu umekaa mwisho wa mstari unaangalia ndege. Haidroliki yangu inamaliza kazi hiyo kabla sijageuza shingo.

Kungoja ni usumbufu tu, lakini kuna kasoro kubwa zaidi. Mikono ya haidroliki, ukiiachia, inaelea: inafuata mabonde na vilima vya shamba, na plau linakaa kwenye kina chake kwa uzito wake. Jeki ya umeme imeshikilia kwa skrubu, haielei. Gurudumu la mbele likishuka shimoni, plau linachomoka; likipanda tuta, plau linazama na jeki inalisukuma chini kwa nguvu mpaka tairi za nyuma zinapungukiwa uzito na kuanza kuteleza. Dawa yake ni rahisi, na fundi wake hakuifikiria: badala ya tundu la mviringo pale jeki inapounganika na mikono, chonga tundu refu la sentimita nane hivi, pini ipate nafasi ya kutembea. Alikwenda akachonga. Sasa inaelea, ila ile saa na nusu ipo palepale. Kwa bledi ya kusukumia theluji, ambayo unaishusha mara chache, jeki ya umeme inatosha kabisa. Kwa plau, nisingeichukua hata kama ningepewa.

Ya sita nitaipitia haraka. Unauza trekta la bustani na kununua trekta dogo kamili, kama Kubota BX au John Deere 1025R, ambalo linakuja na pointi tatu na shafti ya nyuma ya kuzungusha rotaveta kwa mizunguko 540 kwa dakika. Lililotumika nimeliona kwa dola 8,000 na kuendelea, jipya linavuka 13,000 kirahisi. Mwenye ekari tatu na kuku na theluji ya kusafisha njia ndefu, hilo ndilo lake. Mwenye nusu ekari ananunua heshima.

Sasa nirudi kwenye zile milimita sita, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoliwa. Pointi tatu zina madaraja. Daraja 0 ni la matrekta ya chini ya nguvu farasi 20: pini zote ni inchi tano kwa nane, yaani milimita 16, na mikono ya chini imeachana sentimita 51. Daraja 1 linaanzia hapo mpaka nguvu farasi 45 hivi: pini za chini ni milimita 22, ya juu 19, na mikono imeachana sentimita 66. Juu yake kuna Daraja 2, ambalo halituhusu. Mikono ya kiwandani ya trekta kama langu ni Daraja 0.

Tatizo ni soko. Daraja 1 ndilo linalotumiwa na mamia ya maelfu ya wakulima wadogo, kwa hiyo vyombo vyake vimejaa kila duka la shamba na kila mnada. Plau jipya la kutengenezea matuta la Daraja 1 unalipata kwa dola 150 mpaka 200. Vyombo vya Daraja 0 ni vichache, wengi walioviunda wameacha, na plau lililotumika la daraja hilo nimetajiwa dola 250 mpaka 500 kwa kitu kilichopakwa rangi mpya juu ya kutu. Kwa hiyo mikono ya bei nafuu inaweza kukufunga kwenye vyombo vya bei ghali maisha yako yote. Kabla ya kununua seti mpya au kuchomelea, muulize fundi kama anaweza kuiweka kwenye macho na upana wa Daraja 1. Wengi wanaweza, kwa gharama ileile. Ukitaka kutumia chombo cha Daraja 0 kwenye mikono hiyo, unavisha bushi za bei ya soda. Kinyume chake hakiwezekani: tundu dogo halipokei pini kubwa.

Mimi nilikuwa upande wa tundu dogo. Nilimpelekea plau fundi wa kuchomelea, mtu wa Bukavu, ambaye alilizunguka mara mbili mikono ikiwa mgongoni, kisha akaniuliza: "Muzee, ulinunua plau ao ulinunua kazi?" Alikata zile pini, akachomelea mabano mapya ya upana wa sentimita 51, akaweka pini za milimita 16, akanitoza dola 120. Plau la dola 160 likawa la 280. Mnada ule uko Holmes County, katikati ya Waamishi, watu wanaolima kwa farasi mpaka leo. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu siku ile alikuwa ameniambia plau hilo ni zito kwa mashine yangu. Nilidhani anatetea farasi.

Alikuwa na haki. Pini zilipokubali, niliinua plau kwa mara ya kwanza na usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Piga hesabu nami. Plau lina kilo 90, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kati ya ekseli mbili za trekta kuna kama sentimita 120. Tisini mara tisini, gawa kwa 120, unapata karibu kilo 67 zilizoondolewa kwenye tairi za mbele. Kwenye tambarare unaona usukani umelegea tu. Kwenye mteremko, trekta linakwenda linakotaka. Nikanunua vyuma vinne vya kuning'iniza puani, kilo 19 kila kimoja, dola 50 kimoja. Dola 200 nyingine ambazo sikuwa nimeziweka kwenye bajeti.

Tairi za nyuma nazo zinataka uzito ili zishike udongo. Hapa watu hujaza maji ndani ya tairi, ila kwa baridi ya Ohio maji matupu yanaganda, kwa hiyo wengine hutumia maji ya chumvi ya kalsiamu, ambayo yanakula rimu, na wengine sharubati ya kiazi sukari. Ndiyo, sharubati. Haigandi upesi na haili chuma. Mimi nilifunga minyororo niliyokuwa nayo ya theluji, ikatosha.

Jambo moja la usalama, na hili si la kubishana. Usifunge mnyororo wa kung'olea kisiki kwenye linki ya juu au sehemu yoyote iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Kisiki kikikataa kutoka, trekta linanyanyuka na kurudi nyuma juu yako kwa muda mfupi kuliko wa kutoa mguu kwenye pedali. Pointi tatu ilibuniwa kuzuia hilo, usiitumie kulirudisha.

Hesabu yangu yote imefika dola 1,280: mikono 800, plau 160, fundi 120, uzito wa mbele 200. Kwa dola 200 za kukodi kwa mwaka, nitairudisha baada ya miaka sita na miezi, nikijaliwa na trekta likijaliwa. Kiungo cha pini moja na plau lake vingenigharimu kama 400 na vingefanya nusu ekari hii bila shida. Kama shamba lako linalingana na langu au ni dogo zaidi, na huna mpango wa bledi wala boksi la kusawazishia barabara, chukua pini moja. Kama unataka pointi tatu hata hivyo, nenda mnadani na tepu mfukoni, upime pini kabla hujanyoosha mkono.